Toleo la Kumi na Tano

Ilikuwa mara ya tatu kwa Inspekta kukalia kiti kile chenye mguu mbovu, na mara ya tatu kuambiwa jambo lilelile.

"Milimita kumi," mchoraji alisema, akigusa skrini kwa ncha ya kalamu. "Hapa, hapa, hapa na hapa. Vitako vyote vinne."

Kwenye skrini mnara wa tangi la maji ulikuwa umesimama wima, msafi, hauna hata doa la kutu. Nguzo nne, jukwaa juu yake, na tangi juu ya jukwaa. Chini ya kila nguzo palikuwa na bamba la chuma la mraba lenye matundu manne ya bolti. Hayo mabamba ndiyo mafundi waliyaita vitako. Mnara wenyewe, ule wa kweli, ulikuwa umelala chali kwenye uwanja wa zahanati kwa siku ya kumi na mbili sasa. Ulianguka Jumatano saa nane mchana, siku ya kwanza tangi kujazwa maji. Fundi wa kuchomelea aliyekuwa juu akikaza bomba alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika. Wenzake walimwita Cheche, na Inspekta naye, kwa kulisikia jina hilo mchana kutwa, alikuwa ameanza kumwita hivyo.

"Mimi nimepima kwa mkono wangu," Inspekta alisema. "Vitako vyote vinne ni milimita sita."

"Ndiyo, afande. Ndiyo maana tunasema fundi alichukua bamba lisilo lake. Modeli inasema kumi, na karatasi tuliyowapa ninyi inasema kumi. Nakala ya mafundi iliharibiwa na maji ya tangi."

"Mnasema nani na nani?"

"Ripoti ya kampuni inasema."

"Nimeuliza watu. Karatasi nimeshaisoma."

Mchoraji alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na ushei, mwembamba, mwenye kucha safi za mtu asiyeshika chuma. "Mjomba ndiye aliyeiandika," alisema.

Mjomba wake ndiye mhandisi na mwenye kampuni. Kampuni yenyewe ilikuwa nyumba ya ghorofa moja: chini karakana, juu chumba hiki chenye kompyuta mbili, meza ya mhandisi upande wa dirisha na ya mpwa wake upande wa mlango. Watu waliogusa michoro walikuwa hao wawili tu. Kutoka chini ilipanda harufu ya chuma kilichoungua na kelele za mashine ya msasa zilizomfanya Inspekta aumwe jino ambalo alikwisha kuling'oa mwaka juzi.

Alikuwa amechoka. Likizo yake ilikuwa imeahirishwa mara mbili, na asubuhi ile Mkuu wa kituo alimwita, akaligonga faili kwa kidole. "Ajali kazini, uzembe wa marehemu. Funga kabla ya Jumatano. Marehemu hakati rufaa." Inspekta alijibu "Sawa, mkuu," akachukua faili, akaja huku.

"Nifundishe kitu," alimwambia mchoraji. "Mtu akikosea humu ndani, anafanyaje?"

Mchoraji alionekana kupata nafuu. Swali la kazi, alilijua jibu lake. "Anatendua. Tazama." Alisogeza kipanya, akairefusha nguzo moja, akaipaka rangi nyekundu, kisha akafuta bolti moja. "Mambo matatu nimefanya. Sasa nabonyeza hapa." Alibonyeza, bolti ikarudi. Akabonyeza tena, wekundu ukatoka. Mara ya tatu nguzo ikarudi kimo chake.

"Imeanza na la mwisho."

"Daima. Ni kama sahani zilizopangwa. Unaondoa ya juu kwanza."

"Nikitaka kurudisha lile la kwanza tu, haya mawili ya juu yabaki?"

"Kwa kutendua haiwezekani. Labda uende ukaandike upya kwa mkono."

"Na kama nimezima kompyuta, nimekwenda nyumbani, nakumbuka kesho yake?"

"Hapo unatumia matoleo. Kila unapohifadhi, programu inaweka toleo lenye namba yake. Ukitaka kurudi, unachagua toleo la zamani, modeli yote inarudi ilivyokuwa siku ile."

"Yote?"

"Nzima nzima. Kila kilichofanyika baada ya hapo kinaondoka."

Inspekta aliandika kwenye daftari: nzima nzima. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Na hili tunalotazama ni toleo la ngapi?"

Kelele za msasa zilikuwa zimekoma kule chini. Mchoraji alivaa miwani yake, akasogeza kipanya, ukurasa mdogo uliokuwa pembeni mwa skrini ukafungwa.

"Ni la mwisho," alisema.

"La mwisho halina namba?"

"Ni... lina. Sikumbuki, afande. Nitaangalia."

Inspekta aliliandika hilo pia. Angeweza kumbana palepale, lakini alishaona watu wengi wakibanwa kabla ya wakati, wakatoa uongo mpya ambao ulichukua wiki nzima kuupangua. "Nichapie mnara huo," alisema. "Pande zote nne."

*

Koplo alikuwa ameegesha gari chini ya ukuta wa zahanati, akijipepea kwa faili. "Mama," alisema, maana wakiwa wawili tu alimwita hivyo, "kwa nini tusifunge hii kitu tukapumzike? Mchoro kumi, chuma sita, fundi kafa. Hesabu ya darasa la pili."

"Darasa la pili nilirudia," Inspekta alisema. "Twende."

Mnara ulikuwa umelala kama mnyama aliyevunjika magoti. Vitako vinne vilibaki kwenye msingi wa zege, vimefungwa kwa bolti zake, vimepinda juu kama ndimi. Bolti hazikukatika, zege halikupasuka. Kilichoshindwa ni bamba, na bamba lilishindwa kwa sababu lilikuwa jembamba. Hilo halikuwa na ubishi.

Inspekta alisimama katikati ya msingi, akazigeuza karatasi nne mikononi, akajigeuza naye. Alizunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili. Koplo alianza kucheka, akaona uso wake, akaacha.

"Ngazi iko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Si hiyo, mama? Imelala na mwenzake."

"Kwenye karatasi. Iko upande gani?"

Koplo alichungulia. Kwenye karatasi ngazi ya chuma ilipanda upande wa nyuma, unaotazama jengo. Kisha akatazama chini. Kizege kidogo, kilichomwagwa ili kubeba mguu wa ngazi, kilikuwa upande wa mbele, unaotazama lango. Upande wa nyuma palikuwa na majani tu.

"Labda Cheche aliihamisha mwenyewe hapahapa," Koplo alisema. "Fundi kafika, kaona nafasi, kachomelea mbele. Si wanafanya hivyo?"

"Wanafanya." Inspekta alipiga magoti kwa taabu kando ya nguzo iliyolala, mkono mmoja kiunoni. Ngazi ilikuwa imeshikizwa kwa bolti ndogo. Alifungua moja iliyolegea, akaingiza ncha ya kalamu ndani ya tundu, akaizungusha. "Njoo uone. Rangi imeingia mpaka ndani ya tundu. Maana yake lilitobolewa kabla nguzo haijapakwa rangi. Rangi walipaka karakana. Sasa nguzo za nyuma, niambie kama kuna tundu lolote."

Koplo alikagua, akarudi akijifuta mikono kwenye suruali. "Hakuna hata moja."

"Basi aliyetoboa alikuwa na mchoro wenye ngazi mbele, na mchoro huo si huu."

Muuguzi mkuu wa zahanati aliwakuta wakiwa bado wamechutama pale. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Inspekta alimwonyesha karatasi.

"Hii ni ile ya kwanza," muuguzi alisema papo hapo. "Niliikataa. Angalia dirisha lile." Alinyoosha mkono kwenye jengo. "Chumba cha kujifungulia. Fundi akipanda ngazi upande huu anachungulia wamama wangu kama yuko sinema. Nikampigia mhandisi simu, nikamwambia, baba, ngazi hiyo uihamishe, la sivyo mtapanda na kitambaa usoni."

"Alikubali?"

"Alicheka, akasema anaihamisha hapo hapo, nisikate simu. Nikasikia anabonyeza bonyeza. Akasema tayari."

"Siku gani hiyo?"

Muuguzi aliingia ndani, akarudi na kitabu cha zamu. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wazi. Jumanne, saa nne asubuhi: nimeongea na mhandisi kuhusu ngazi ya tangi, amekubali kuihamisha mbele. Siku nane kabla ya mnara kuanguka.

Inspekta aliomba kupiga picha ukurasa ule.

Njiani, walipofika kwenye mataa, Koplo alipunguza mwendo. Kisha akasema, "Kwa hiyo mhandisi aliihamisha ngazi kwenye kompyuta Jumanne. Na leo kwenye kompyuta haijahamishwa."

"Endelea."

"Mtu kaitendua."

"Nani atahangaika kutendua ngazi baada ya mnara kuanguka? Ngazi haikuua mtu." Inspekta alifumba macho, akaegemeza kichwa kwenye kioo. "Alikuwa anatendua kitu kingine. Ngazi iliondoka nacho, nzima nzima, na yeye hakuikumbuka."

*

Mchoraji aliwaona wakipanda ngazi, akasimama. Meza ya mjomba wake ilikuwa tupu. Alikuwa ameitwa kwenye kazi nyingine nje ya mji.

"Fungua ule ukurasa ulioufunga asubuhi," Inspekta alisema.

Hakubisha. Ukurasa ulifunguka pembeni mwa skrini: orodha ya matoleo, kila moja na tarehe, saa na jina la aliyehifadhi. Inspekta aliisoma kutoka juu kwenda chini, kidole hewani. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na sita.

"Kumi na tano iko wapi?"

"Imefutwa."

"Namba hazijirudii?"

"Programu haikubali. Ukifuta, pengo linabaki."

Toleo la kumi na nne lilikuwa la mwezi uliopita. La kumi na sita lilihifadhiwa Jumatano, siku ya ajali, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Mbele yake programu ilikuwa imeandika: limerejeshwa kutoka toleo la 14. Mbele zaidi lilikuwepo jina la aliyehifadhi, na jina hilo lilikuwa la mchoraji.

Koplo alikwisha kusogea mlangoni. Mkono wake ulikuwa kiunoni, kwenye pingu.

"Hapa pameandikwa jina lako," Inspekta alisema.

"Naona, afande."

"Na hiyo ni meza yako."

"Ndiyo."

"Neno la siri unalijua wewe peke yako?"

Mchoraji aliinua kibodi. Chini yake palikuwa na kikaratasi kimebandikwa kwa gundi, kimekuwa cha njano kwa umri, na neno la siri limeandikwa kwa herufi kubwa. Alicheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Mjomba huwa anasahau lake. Anatumia langu."

"Jumatano ile saa kumi na moja na dakika ishirini, ulikuwa wapi?"

Mchoraji alikaa, akaweka viganja viwili juu ya meza, akavitazama.

Inspekta alimgeukia Koplo. "Kitabu cha mochwari. Nani alisaini kumtambua Cheche?"

Koplo alipekua daftari lake, akasoma, na mkono wake ukatoka kiunoni polepole. "Ni yeye, afande. Aliingia saa kumi na nusu, akatoka saa kumi na mbili na robo."

"Mjomba alisema hawezi kumwangalia," mchoraji alisema. "Akaniambia, nenda wewe. Nikapanda gari na maiti. Shati lililokuwa kwenye maiti nililijua, lakini wanataka utazame uso."

Kule chini mtu alidondosha kipande cha chuma, mwingine akamtukana.

"Hilo pengo uliliona lini?" Inspekta aliuliza.

"Asubuhi yake. Nilifungua ili nichape karatasi za kuwapa ninyi. Nikaona kumi na nne, kumi na sita."

"Ukanyamaza siku kumi na moja."

"Baba alifariki nikiwa na miaka tisa. Mjomba ndiye aliyenisomesha. Viatu nilivyovaa mpaka naingia chuo alininunulia yeye. Ningesema nini, afande? Na kwa mdomo gani?"

"Mjane wa Cheche ameambiwa mumewe alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Kwa mdomo wako. Wewe ndiye uliyempelekea ripoti."

Mchoraji alivua tena miwani, safari hii hakuifuta. Inspekta alimsogezea karatasi na kalamu. Ilimchukua karibu nusu saa kuandika ukurasa mmoja.

*

Mhandisi alikuja kituoni kesho yake saa tatu asubuhi kwa miguu yake mwenyewe, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa mzee kiasi, mpole wa sauti, mtu ambaye katika siku nyingine Inspekta angefurahi kukaa naye kwenye foleni.

"Shikamoo," Inspekta alisema.

"Marahaba."

"Nani alirejesha toleo la kumi na nne siku ya ajali?"

"Programu inaonyesha jina la nani?"

"La mpwa wako."

Mhandisi alitikisa kichwa kwa huzuni. "Yule kijana ana mawazo mengi. Nisingependa kumsemea."

"Alikuwa mochwari," Inspekta alisema, akamsukumia nakala ya ukurasa wa kitabu. "Wewe ndiye uliyemtuma."

Mhandisi aliusoma. Aliusoma mara mbili, kisha akatoa leso, akaikunjua, akaikunja.

"Na haya ni maelezo yako ya siku ile," Inspekta aliendelea. "Nakusomea: 'Nilirudi ofisini, nikakaa peke yangu hadi saa moja jioni, maana nilikuwa nimechanganyikiwa.' Peke yangu ni neno lako. Sikukulisha."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa kweli."

"Naamini. Hata ngazi uliisahau." Aliweka mezani picha ya kizege kilichokuwa upande wa lango, na juu yake picha ya kitabu cha muuguzi. "Kama toleo la kumi na tano lingekuwa na ngazi tu, usingekuwa na sababu ya kulifuta. Lilikuwa na kitu kingine kabla ya ngazi. Niambie mwenyewe."

"Fundi alichukua bamba lisilo..."

"Fundi alikupigia simu Alhamisi ya kabla ya ajali, saa mbili asubuhi, siku aliyokata vitako." Inspekta hakupandisha sauti, hakuwa na nguvu ya kuipandisha. "Rekodi ya simu inasema sekunde hamsini na mbili. Kwenye maelezo yako umesema aliomba ruhusa ya kuondoka mapema. Kitabu cha mahudhurio kinasema alitoka saa kumi na mbili jioni, wa mwisho. Aliuliza nini?"

Koplo, aliyekuwa akiandika kwenye kona, aliinua kalamu.

Mhandisi alitazama dirisha. Nje mtu alikuwa anafagia ua wa kituo, mkono mmoja mfukoni.

"Nilikuwa najaribu tu," alisema hatimaye. "Nilitaka kujua mnara ukipungua uzito utaenda kwa gari moja au mawili. Nikaweka sita kwenye vitako nione itasoma kilo ngapi. Kujaribu siyo dhambi, kila siku tunajaribu. Hapo hapo yule muuguzi akapiga simu, ngazi, ngazi. Nikaihamisha nikiwa naongea naye. Nilipokata simu nikakumbuka ile sita, nikabonyeza kutendua. Ikarudi ngazi."

"Ya juu kwanza."

"Ya juu kwanza. Nikairudisha ngazi mbele, nikasema ile kumi nitaiandika upya kwa mkono sasa hivi. Nikahifadhi. Kisha akaja mteja mwingine mlangoni." Aliikunjua tena leso. "Nilikuwa na hakika nimeiandika. Naapa, mpaka Jumatano ile mimi moyoni nilijua ni kumi."

"Mpaka Alhamisi," Inspekta alisema. "Cheche alikupigia Alhamisi."

Mhandisi aliinamisha uso ndani ya leso. Sauti yake ilitoka ikiwa imezibwa. "Aliniambia, bosi, hapa kwenye vitako naona sita, mbona kama jembamba? Nilikuwa barabarani, naendesha. Nikamwambia mchoro umetoka kwangu, kata kama ulivyochorwa. Akasema sawa, bosi. Ndiyo hivyo tu. Sawa, bosi."

Kalamu ya Koplo iliendelea kukwaruza kwa muda baada ya maneno kwisha.

Kosa lilikuwa dogo, na Inspekta alikwisha kuona makosa madogo ya kutosha kujua kwamba ndiyo yanayoua watu wengi zaidi. Kama mtu huyu angesimama pale uwanjani na kusema ni mimi, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Lakini alirudi ofisini, akakalia kiti cha mpwa wake, akafungua kompyuta kwa jina la mpwa wake wakati huyo mpwa anafunuliwa uso wa Cheche mochwari.

Maelezo yalipokwisha kuandikwa, mhandisi aliyasoma. Alifika mahali akasimama.

"Hapa mwanzoni, niliposema yule kijana ana mawazo mengi," alisema. "Naomba ukurasa huu uchanwe, tuandike mwingine. Asije akausoma."

"Hatuchani. Unapiga mstari mmoja juu ya maneno, ili yaendelee kusomeka, na unasaini pembeni. Kisha unaandika unachotaka kusema sasa."

Mhandisi alipiga mstari. Ulikuwa umenyooka kabisa, mstari wa mtu wa kazi yake. Akasaini pembeni.

*

Mkuu wa kituo hakufurahi, lakini hakuwa na la kusema. Mhandisi alipelekwa mahabusu kabla ya saa sita kusubiri mahakama. Mpwa wake alikuja na chakula na blanketi, akaviacha kaunta. Alipoulizwa kama anataka kuonana na mjomba, alisema leo hapana.

Saa tisa Inspekta alikwenda kwa familia ya marehemu peke yake. Mjane alikuwa amelala ndani. Alikuwa hajapata usingizi tangu msiba, walisema, asiamshwe. Aliyempokea ni baba wa marehemu, mzee aliyekonda, mwenye makovu madogo meupe ya cheche mikononi mpaka kwenye viwiko. Naye alikuwa fundi wa kuchomelea. Ndiye aliyemfundisha mwanawe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umechoka wewe."

Inspekta alikaa. Alimweleza yote, polepole, bila maneno ya kiofisi: kwamba mchoro ulikuwa na kosa, kwamba kosa lilifichwa, kwamba aliyelificha amekiri, kwamba ripoti ile ya uzembe imefutwa na itaandikwa nyingine. Mzee alisikiliza akiwa ameshika magoti.

"Walipoleta ile ripoti," mzee alisema, "niliwaambia mwanangu hawezi kukosea bamba la sita kwa la kumi. Nilikuwa namfunga macho nikamwekea mabamba mkononi, anataja moja moja. Wakanitazama kama mzee anayeomboleza."

"Hakukosea, mzee. Aliliona. Alipiga simu akauliza."

Mzee aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza uso wake ulipata uhai, karibu furaha. "Aliuliza?"

"Aliuliza."

"Nilijua. Nilimfundisha hivyo. Ukiwa na shaka, uliza." Alitikisa kichwa mara kadhaa. Kisha akatulia, na Inspekta aliona swali la pili likimjia kabla hajalitamka. "Akaambiwaje?"

"Akaambiwa kata kama ulivyochorwa."

"Na yeye?"

"Akasema sawa, bosi."

Kutoka chumba cha ndani godoro lililia, mjane akajigeuza. Mzee alivigeuza viganja vyake juu, akavitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta ni wapi alipojiunguza.

"Nilimfundisha kuuliza," alisema. "Kukataa sikumfundisha."